Waliotoa mahindi ni nusu tu. Je, tuwalishe watoto wote?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, kijijini mkoa wa Singida. Shule ina wanafunzi 410. Mkutano wa wazazi ulipitisha kwamba kwa kila mtoto mzazi atoe debe moja la mahindi na kilo 3 za maharage kila muhula, pamoja na shilingi 5,000 za wapishi, kuni na chumvi. Waliochangiwa ni watoto 220, na muhula uliopita ilikuwa hivyo hivyo. Hao 220 wanakula makande saa 7 mchana. Wengine 190 wanaambiwa wakakae chini ya mwembe mpaka wenzao wamalize. Mwanangu wa darasa la pili aliniuliza kwa nini rafiki yake hali, nikakosa la kumjibu. Nimependekeza kwenye kamati wote wale. Mwalimu mkuu anasema tukifanya hivyo hata wanaotoa wataacha. Mwenyekiti anasema cha bure kinalemaza wazazi, afadhali tuhangaikie madawati. Wengine wanasema sisi wenyewe tulisoma na njaa na hatukufa. Je, inawezekana, au naota? Na tuanzie wapi?"

Marahaba dada. Huoti. Tena barua yako ina jambo ambalo nadhani hujaliona: ndani ya hesabu ulizonitumia mahindi ya kulisha karibu shule nzima tayari yapo. Nitakuonyesha. Ila kwanza niseme na wale wa "tulisoma na njaa na hatukufa", maana hiyo kauli imezima mikutano mingi niliyohudhuria.

Ni kweli hatukufa. Lakini waliosema hivyo ni waliobaki darasani. Waliokatiza darasa la tatu kwenda kuchunga hawapo kwenye kamati kutoa ushahidi.

Mtoto aliyekula ugali saa 1 usiku analala na akiba ndogo ya sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Ini la mtoto ni dogo, na ubongo wake ni mlafi. Kwa mtu mzima ubongo hutumia kama sehemu moja ya tano ya nguvu yote ya mwili. Kwa mtoto anayeanza shule unakaribia nusu. Akiamka, akatembea kilomita mbili au tatu bila kifungua kinywa, anafika mstarini ile akiba imekwisha. Mwili haumwachi azimie. Unamwaga homoni zinazoichota sukari kutoka kwenye misuli na mafuta, na homoni hizo hizo ndizo zinazomfanya awe na wasiwasi, akereke upesi, mikono itetemeke kidogo. Kufika saa 4 mwalimu anaona mtoto mzito, msahaulifu, mgomvi. Anaandika "hana bidii". Mimi namwona mtoto ambaye mwili wake umeacha kazi ya kujifunza ili upate nguvu ya kukaa wima. Na anayeumia zaidi kwa kukosa mlo mmoja ni yule ambaye tayari amedhoofika. Yaani walio chini ya mwembe wenu, kwa sehemu kubwa, ndio ambao kile chakula kingewafaa kuliko wote.

Niliwahi kukagua chakula katika shule yenye utaratibu kama wenu. Wakati wa kugawa, msichana wa darasa la nne alikuwa akijitolea kila siku kuosha masufuria. Walimu walimsifu kwa utii. Nilisimama nyuma ya jiko nikamwona akikwangua ukoko kwa kijiko, anautia kwenye mfuko wa daftari, halafu ndipo anamwaga maji. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasiochangiwa. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameshajua mwenyewe namna ya kula bila kuonekana anakula.

Sasa hesabu. Chukua kalamu.

Kwa makande ya shule mtoto mmoja anahitaji gramu 100 za mahindi makavu, gramu 30 za maharage na gramu 5 za mafuta kwa siku. Hapo anapata kama kalori 500 na protini gramu 15 au 16. Si karamu, lakini ni mlo wa heshima. India, ambako Mahakama ya Juu ya nchi iliamuru mwaka 2001 watoto wote wa shule za msingi za serikali wapewe chakula kilichopikwa, kiwango cha madarasa ya chini ni kalori 450 na protini gramu 12. Makande yetu yanavuka hapo bila taabu.

Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha: mtoto mmoja anakula kilo 19.4 za mahindi kwa mwaka mzima. Debe la mahindi makavu, lililosawazishwa juu, lina kilo 16 hadi 18, tuseme 17. Ninyi mnadai madebe mawili kwa mwaka, yaani kilo 34. Mnadai karibu mara mbili ya anachokula mtoto.

Wazazi wa watoto 220 wakitoa hayo madebe mawili, stoo inapokea kilo 7,480. Shule nzima ya watoto 410 inahitaji kilo 7,954. Mnapungukiwa gunia 5 tu za kilo 100. Kwenye maharage hali ni ngumu zaidi: mnapokea kilo 1,320, mnahitaji 2,386, kwa hiyo pengo ni kama gunia 11. Mafuta hukuyataja kabisa; kwa mwaka ni madumu 22 ya lita 20.

Kwa hiyo swali la kamati si "tutawezaje kulisha watoto 190 wa bure?" Swali lenu ni gunia 5 za mahindi, gunia 11 za maharage na madumu 22 ya mafuta. Hilo ni swali la kijiji, linajibika.

Lakini kuna swali la pili, na hili ulishike kwa mikono miwili kwa sababu linaweza kukuletea maadui. Kama mahindi yote yanayoingia yanapikwa kwa watoto 220 tu, kila mmoja anakula gramu 175 kavu kwa siku. Zikiiva hizo ni sahani ambayo mtoto wa darasa la kwanza haimalizi. Je, ndivyo sahani zenu zilivyo? Kama sivyo, mahindi yanaenda mahali. Usikimbilie kusema wizi. Mara nyingi nimekuta mpishi analipwa mahindi badala ya fedha, mwenye kuni naye hivyo hivyo, mengine yameliwa na dumuzi, mengine yaliingia mabichi au yamejaa pumba, na debe la mama mmoja si debe la mwingine. Yote hayo yana maelezo. Ila hayakuandikwa popote, na hapo ndipo mchango unapofia. Kwa uzoefu wangu mzazi haachi kutoa kwa sababu mtoto wa jirani amekula. Anaacha akiona gunia linatoka stoo jioni bila mtu kulieleza.

Hilo ni nusu ya jibu langu kwa mwalimu mkuu. Nusu nyingine nakiri ana hoja: muhula wa kwanza mkitangaza wote wanakula, wako watakaojaribu kukwepa. Msijifanye hamlijui hilo. Kosa ni dawa mnayotumia sasa, ya kumshika mtoto rehani kwa deni la baba yake. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, nyaraka za serikali zinasema michango ya wazazi ni ya hiari na hakuna mwanafunzi wa kufukuzwa au kuzuiwa masomo kwa sababu ya mchango. Kumkalisha mtoto chini ya mwembe si kumfukuza, najua. Lakini ulizeni mahudhurio ya wale 190 siku za Ijumaa, halafu mniambie kama hawajajifukuza wenyewe.

Deni lihamishieni kwa watu wazima. Daftari la michango lisikae kwa mwalimu wa darasa wala lisisomwe mstarini. Likae kwa mweka hazina wa kamati, na anayefuatilia ni mwenyekiti wa kitongoji, nyumbani, kwa adabu. Mtoto asijue kama baba yake ametoa au hajatoa. Wenzetu wamelifikiria hili vizuri. Nairobi, kwenye mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mzazi analipia shilingi 5 za Kenya kwa sahani, gharama nyingine inabebwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa na kupakuliwa. Foleni ni moja, sahani ni moja. Rwanda mzazi wa shule ya msingi anachangia faranga 975 kwa muhula, serikali inaweka sehemu kubwa. Kote huko neno "bure" halina maana kwamba hakuna anayelipa. Maana yake ni kwamba halipi mtoto, na mzazi analipa kiasi anachokiweza. Mwenyekiti wenu akisema cha bure kinalemaza, mwulizeni: mkulima aliyekosa mvua na mwenye duka, wote kutoa debe lile lile mwezi Januari, hiyo ndiyo haki?

Januari! Hapa ndipo ningeanzia kama ningekuwa kwenye kamati yenu. Singida mwezi Januari ghala la maskini limebaki vumbi. Ndiyo miezi ya kununua kwa bei ya juu na kupalilia kwa watu. Halafu shule inafunguliwa na inadai debe. Kusanyeni mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, Juni hadi Julai, wakati debe lina bei ndogo na lipo uani. Punguzeni mahindi yawe debe moja na nusu kwa mwaka ili wengi zaidi wamudu (yatatosha wakichangiwa watoto kama 312), ongezeni maharage kidogo. Na pokeeni mtama na uwele. Sijui nani alituloga tukaamini chakula cha shule lazima kiwe mahindi katika mkoa ambao mtama unakubali kuliko mahindi. Badala ya maharage pokeeni kunde, choroko au mbaazi. Protini ni ile ile, na nyingi zinaiva kwa kuni chache.

Fedha inayokosekana itoke kwenye alizeti. Mko Singida, jamani. Madumu 22 ya mafuta si ya kununua dukani. Mashine za kijijini hutoa kama dumu moja kwa gunia moja au moja na nusu la alizeti, kutegemea mbegu. Familia ikileta alizeti badala ya sehemu ya ile 5,000, wengi watapumua, na mashudu mkiyauza kwa wafugaji yanalipa ukamuaji. Kama shule ina shamba, limeni alizeti na kunde humo. Shamba la shule la mahindi kwenye ukame nimeliona likishindwa mara nyingi mno, na wanaolilima ni watoto wenye njaa wale wale.

Watabaki wasioweza kabisa: bibi anayelea wajukuu wanne, mgonjwa, kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambazo kijiji kinazijua. Hao watoe nguvu wanayoiweza, siku ya kuchota maji au kupepeta mahindi, au wasitoe chochote. Mkutano upitishe idadi, majina yabaki kwa kamati.

Na kama pamoja na yote haya chakula hakitoshi? Punguzeni siku, msipunguze watoto. Kwa maharage mnayopata leo, shule nzima inaweza kula makande kamili siku 107, kasoro kidogo ya siku tatu kwa wiki. Mimi nachagua watoto 410 siku tatu kuliko watoto 220 siku tano, na sitasita. Siku mbili zilizobaki pikeni uji. Mlo wenyewe uvuteni nyuma: saa 7 mtoto ameshapoteza vipindi vya asubuhi, na wa madarasa ya chini anakaribia kwenda nyumbani. Ukiwa saa 5 unaokoa nusu ya siku.

Kuhusu ubora nitasema machache. Shibe na lishe si kitu kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walifanya jaribio kwenye shule 12 za Embu, Kenya, na watoto wa nyingi kati ya hizo wakalishwa githeri, ambayo ni makande yetu. Kundi moja githeri yao iliongezwa nyama kidogo, jingine maziwa, jingine mafuta tu. Waliopata nyama ndio waliopanda zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Ninyi nyama hamtaiweza, lakini dagaa wa Mwanza waliotwangwa, viganja vichache kwenye sufuria, wanafanya kazi ya jamaa hiyo hiyo. Chai mara baada ya makande iacheni, inazuia madini ya chuma. Ubuyu mnao: unga wake ukikorogwa kwenye maji au kwenye uji ulioepuliwa, una vitamini C ya kusaidia mwili kuichukua hiyo chuma. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali. Maharage mekundu yasiyoiva yanatapisha darasa zima.

Sasa kitu kinachoninyima usingizi. Kuna tabia ya kupeleka shuleni yale mahindi ambayo nyumbani hayaliki: yaliyobadilika rangi, yenye ukungu, ya chini ya ghala. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, majirani zenu kabisa. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Pokeeni mahindi makavu tu, yanayolia yakigongana kiganjani. Yenye ukungu rudisheni mbele ya watu bila aibu. Hifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Na dawa za shamba zisilale chumba kimoja na chakula hata usiku mmoja: mwaka 2013 watoto 23 wa shule moja jimbo la Bihar, India, walikufa kwa mlo uliopikwa kwa mafuta yaliyochanganyika na kiuatilifu.

Nisikuuzie ndoto pia. Chakula cha shule hakiondoi udumavu. Huo hujengeka tumboni na kabla ya miaka miwili, na kuumaliza ni kazi ya kliniki na ya nyumbani. Ziko familia zitakazompunguzia chakula cha jioni mtoto aliyekula shuleni, na lazima kuzungumza nao. Na kama darasa lina watoto 120 na mwalimu mmoja, makande yatawaleta na kuwakalisha macho wazi, lakini hayatafundisha. Mwenyekiti hajakosea kutaka madawati. Amekosea kuyapambanisha na sahani, kwa sababu michango yenu ya chakula ni nafaka, na dawati halinunuliwi kwa mtama.

Yako mambo ambayo barua haiwezi. Mtoto mwenye miguu yote miwili iliyovimba, nywele zilizofifia na kunyofoka, viganja vyeupe, asiyeona jioni au anayezimia mstarini, huyo msimsubirishe makande. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Watoto kadhaa wakitapika au kuharisha baada ya mlo, simamisheni kugawa, wekeni kando kibakuli cha chakula hicho, mpigieni afisa afya wa kata na muwafikishe watoto kwenye matibabu. Macho ya njano kwa watu wa nyumba moja wanaokula mahindi ya ghala moja ni safari ya hospitali, si ya mganga. Na kabla ya mkutano wa wazazi mwiteni afisa lishe wa halmashauri apitie vipimo nilivyokupa. Ni kazi yake, wala hamlipi. Halmashauri pia ina neno kuhusu kuni, kwa kuwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuziacha. Ulizeni wanachotoa kabla hamjajenga jiko jipya.

Lakini usiende kwenye kamati kesho na hoja ya "wote wale bure". Nenda na ombi dogo: wiki moja ya kupima. Kila asubuhi kinachotoka stoo kipimwe kwa kilo mbele ya mzazi mmoja na mwalimu mmoja, kiandikwe kwenye ubao ulio nje ya jiko, pamoja na idadi ya waliokula. Kwa watoto 220 mahindi yasizidi kilo 22 kwa siku. Kwa 410 ni kilo 41, maharage kilo 12 na kidogo, mafuta lita 2 na ushee. Ijumaa mtakuwa na namba tano zisizobishaniwa, na mkutano utazijadili hizo badala ya kujadili uvivu wa watu. Kama shule haina mzani, wanunuzi wa alizeti wanao ule wa kuning'iniza. Mwazimeni mmoja wao, arudishiwe jioni.